Opinel Namba 8: vipande vitano tu, na bado sijamaliza kukitazama

#1 Mpini Mkavu

Wakuu, salaam.

Nina visu vya kukunja ishirini na kitu. Kumi na nne ni Opinel, kisu cha Ufaransa ambacho saizi zake huitwa kwa namba, na katika hivyo kumi na nne, tisa ni Namba 8. Mwenzangu nyumbani alishaniuliza swali ambalo najua na nyie linawawasha: sasa vyote si kisu kilekile? Hapana, si kilekile. Nimeona nianzishe uzi kabisa, maana nimechoka kulijibu swali hilo nikiwa nimesimama mlangoni na kisu mkononi.

Kwa ambaye hajawahi kukishika: ni chepesi kuliko unavyodhani. Namba 8 ina gramu 45 hivi, bapa la sentimita 8.5, na mpini wa mbao wenye tumbo katikati na mkia uliopinda kidogo, kama samaki anayegeuka majini. Mbao ya kawaida ni ya biichi, mti wa misitu ya Ulaya. Vipande vyake vihesabu mwenyewe: bapa, mpini, ribiti inayoshikilia bapa kwenye mpini, pete ya ndani iliyokazwa, na pete ya nje inayozunguka. Basi. Hakuna springi wala skrubu. Bapa halichezi kwa sababu mbao imelibana kutoka pande zote mbili, na ukishalifungua unaizungusha pete ya nje kwa dole gumba mpaka ilizuie lisikurudie vidoleni. Ukizungusha inalia "krrk". Sauti hiyo watoto wangu wanaijua. Wakiisikia wanajua kuna tunda linamenywa.

Asili yake ni Savoie, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa. Joseph Opinel alizaliwa 1872 katika ukoo wa wahunzi wa zana zenye makali, mashoka na mundu. Mwaka 1890, akiwa na miaka 18, akatengeneza kisu hiki. Kufika 1897 alikuwa na saizi 12, kuanzia Namba 1 hadi Namba 12. Namba 1 ilikuwa kitu kidogo chenye kikuku cha kuning'iniza kwenye mnyororo wa saa ya mfukoni. Hiyo Namba 1 na Namba 11 zilistaafishwa miaka ya 1930, ndiyo maana ukipanga seti leo unakuta pengo kati ya 10 na 12 na unadhani muuzaji amekuibia.

Leteni vyenu. Picha, vipimo, kelele, vyote ruksa.

#2 Kinoo

Nimeketi. Endelea mkuu.

#3 Mbishi Halali

Niwe mkorofi kidogo, mnisamehe. Mimi nina kisu cha Uswisi chenye mkasi, kifungua chupa, bisibisi na kibano. Cha kwako kina nini? Bapa moja na mti unaovimba ukilowa. Halafu unavyo tisa!

#4 Mpini Mkavu

Mbishi, umepiga penyewe. Mti unavimba, ni kweli. Kikinyeshewa au kikikaa jikoni kwenye mvuke, mfereji wa mpini unaolalia bapa unakaza na bapa linagoma kutoka. Ukijaribu kulivuta kwa ukucha unabaki huna ukucha.

Lakini wenyewe wa Savoie wana dawa yake tangu zamani. Unakishika kisu kikiwa kimefungwa, mgongo wa bapa ukiangalia juu, halafu unagonga mkia wa mpini kwenye kona ya meza. Kaza mkono, gonga mara moja au mbili. Bapa linachomoza nusu sentimita, unalimalizia kwa vidole. Pigo hilo lina jina la watu wa huko, pigo la Kisavoie. Kumbuka tu kulegeza pete kwanza kama kisu chako ni cha zile pete za siku hizi, la sivyo utagonga mpaka meza ikuombe msamaha.

Kwamba kina bapa moja tu, hapo ndipo ninapokipendea. Cha Uswisi ukikipoteza umepoteza sanduku la zana. Hiki ukikipoteza unakikumbuka mkononi, kwa sababu mkono ulishakizoea mpaka umbo.

#5 Bi Mashoto

Jamani nami nipo. Natumia Namba 8 bustanini kwa kupandikiza miti na kukata kamba. Ninavyo viwili, cha kaboni na cha stenlesi, na siku hizi natoka na cha kaboni tu. Kinanoleka upesi. Dakika tatu juu ya kinoo kinanyoa nywele za mkono. Cha stenlesi kinakaa na makali yake vizuri, sikisemi vibaya, ila kikishakuwa butu kinataka subira kuliko niliyonayo.

Jingine: mimi ni mashoto. Ule mfuo wa kuingizia ukucha umechongwa ubavu wa kushoto wa bapa, kwa ajili ya dole gumba la kulia. Miaka mingi nilikuwa nakifungua kwa kukigeuza mkononi kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kumbe wanatengeneza Namba 8 ya mashoto, mfuo uko upande wa pili! Nilipokipata nilikifungua na kukifunga jioni nzima bila kukata chochote.

#6 Mbishi Halali

Dada Mashoto hapo umenigusa, mimi pia natumia kushoto. Lakini bado nabisha.

#7 Mzee Tupa

Wanangu, nimefanya kazi ya vyuma maisha yangu yote, nichangie kidogo kuhusu hiyo kaboni maana naona mtu anaweza kukinunua kesho na keshokutwa akalia.

Bapa la kaboni limeandikwa CARBONE, la stenlesi limeandikwa INOX. Chuma cha kaboni cha Opinel ni XC90, maana yake kina kaboni karibu asilimia 0.9. Hiyo ni nyingi kwa kisu, ndiyo inayokifanya kigumu na chenye makali membamba. Kinachokosekana humo ni kromi. Stenlesi ina kromi nyingi, inajivika ngozi nyembamba isiyoonekana ambayo hewa na maji haviipenyi. Kaboni haina ngozi hiyo. Ukikata nayo limau ukaiacha mezani, ukirudi imeshabadilika rangi.

Sasa hapo watu wanachanganya mambo mawili. Kuna ile rangi ya kijivu, mara samawati, mara zambarau kidogo, inayokuja kwa tindikali ya matunda. Hiyo ni patina. Imeshikamana na chuma, haichubuki ukipitisha kidole, na inasaidia kupunguza kasi ya kutu. Halafu kuna kutu yenyewe, nyekundu, yenye unga. Hiyo inakula. Ukifuta kitambaa kikatoka na rangi ya matofali, una kazi ya kufanya. Kikitoka safi, liache bapa lako na madoa yake.

Wengine hawana subira, wanaipaka haradali au kuitumbukiza kwenye siki ya moto ili ijivu mara moja. Si dhambi. Ila patina ya siki ni ya rangi moja kama shati la sare, na ile ya matumizi ina ramani: hapa lilikaa tunda, hapa palishikwa na kidole chenye jasho. Mimi nikiokota kisu cha mtu naweza kukuambia alikuwa anakishikaje.

Matunzo ni haya tu: kikaushe kabla hujakifunga, tone la mafuta ya kupikia yasiyo na chumvi kwenye bapa, tone jingine kwenye ribiti. Mpini upake mafuta ya kitani mara moja moja, yaache yanywewe usiku kucha. Na usikiloweke majini. Nikikukuta umekiloweka, usinisalimie.

#8 Kinoo

Shikamoo Mzee Tupa. Hili la shati la sare nimelichukua.

#9 Mpini Mkavu

Marahaba za mzee mtazigawana, mimi nina toba ya kutubu.

Kisu cha kwanza kabisa cha zamani nilichopata kilikuwa Namba 8 ya kaboni, cheusi tii, mpini umeng'aa kwa mikono ya watu. Nikaona aibu kukiweka pamoja na vingine vinavyowaka. Nikachukua msasa. Nikaanza na ule mkali, nikaja na laini, nikamaliza kwa jiwe la umeme linalozunguka, maana nilitaka na makali yaamke. Baada ya nusu saa kilikuwa kinang'aa kama kijiko cha harusi. Nikakigeuza kutazama ule mhuri wa Opinel uliopigwa kwenye bapa.

Hakuna mhuri. Nilikuwa nimeufuta wote. Nilibaki na mstari mmoja wa taji, ukitaka kuuona lazima uinamishe bapa kwenye mwanga wa dirishani.

Na makali? Yalishika rangi ya samawati karibu na ncha. Nilidhani ni urembo. Nimekinoa mara ngapi sijui, sehemu ile haishiki makali zaidi ya siku moja. Mzee Tupa waeleze vijana kwa nini, mimi nikieleza nitalia.

#10 Mzee Tupa

Umekichoma mwanangu. Chuma kikishatiwa ugumu kiwandani hakitaki tena kuona moto mkubwa. Jiwe la umeme linachemsha makali kuliko unavyofikiri, kwa sababu pale chuma ni chembamba na joto halina pa kwenda. Rangi ya samawati inatokea kwenye nyuzi 300 hivi, na kufika hapo ule ugumu umeshalegea. Dawa ni kunoa kwa mkono na maji mpaka sehemu iliyoungua iishe, yaani kisu kiwe kifupi kidogo. Ama ukiache hivyo kikukumbushe.

#11 Mpini Mkavu

Nimekiacha. Kipo cha kwanza kushoto kwenye droo.

Nieleze na huo mhuri wenyewe, ili mtu mwingine asije akaufuta bila kujua anafuta nini. Ni mkono wenye taji juu yake. Ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona vidole vilivyonyooshwa ni vitatu, kama mkono wa kubariki. Mkono umetoka kwenye nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, jirani na kwao Joseph, ambako kwa mapokeo ya kanisa kuna masalia ya vidole vitatu vya Yohana Mbatizaji. Taji ni la Savoie, maana zamani ilikuwa nchi ya watawala wake. Joseph aliisajili alama hiyo mwaka 1909. Mji huo sasa una makumbusho ya Opinel, na mimi nina ndoto zangu.

#12 Jongoo

Wakuu habari, mimi mgeni kwenye mambo haya. Nimesoma uzi wote nikakimbilia kwenye kopo la babu, marehemu. Nimekuta Opinel kadogo kazuri sana, hakana kabisa ile pete ya kuzunguka! Nimesoma mahali kwamba hiyo pete ilikuja 1955. Kwa hiyo hiki ni cha kabla ya 1955, sivyo? Nimeshamwambia hadi shangazi.

#13 Kinoo

Usimwambie mtu mwingine kwanza. Pima bapa.

#14 Jongoo

Kutoka kwenye ncha mpaka kwenye chuma cha mpini ni sentimita 5.

#15 Mpini Mkavu

Karibu sana Jongoo, na pole kwa hii nitakayosema. Chako ni Namba 4. Saizi ndogo, Namba 2 hadi Namba 5, hazina pete ya kuzunguka hata zikitoka kiwandani leo asubuhi. Kwa hiyo kukosekana kwa pete kwenye kadogo hakuthibitishi kitu. Anaweza kuwa mzee, anaweza kuwa mjukuu.

Ni kuanzia Namba 6 kwenda juu ndipo pete inapoongea. Inaongea hivi. Kama kuna pete ya ndani tu, iliyokazwa, hicho ni cha kabla ya 1955, kilikuwa na vipande vinne. Mwaka huo Marcel, mtoto wa Joseph, alibuni ile pete ya nje, Virobloc, na vipande vikawa vitano. Pete za mwanzo zinazuia bapa likiwa wazi tu. Ukikifunga kisu, pete haina la kufanya. Tangu mwaka 2000 inazuia pande zote mbili, kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, kwa hiyo hakifunguki chenyewe mfukoni. Nikishikiwa Namba 8 gizani, nakifunga, nazungusha pete, navuta bapa. Likitoka, nimeshakiweka kati ya 1955 na 2000 bila taa.

Tahadhari moja tu. Pete ya nje inaweza kubanduliwa kwa koleo, na wapo wanaoibandua kwa sababu inawaudhi. Kwa hiyo kabla hujashangilia, tazama pete ya ndani kama ina michubuko ya kuzunguka. Ikiwa nayo, kulikuwa na mwenzake juu yake.

Na vipimo, kwa kuwa umeuliza bila kuuliza: namba si sentimita, ingawa kwenye 9, 10 na 12 zinalingana sawasawa. Namba 6 ni sentimita 7, Namba 7 ni 8, Namba 8 ni 8.5. Hapo katikati sijui Joseph alikuwa anawaza nini, lakini ile nusu sentimita ya Namba 8 ndiyo imeuza dunia nzima.

#16 Mbishi Halali

Mwenzenu nimekipima cha Uswisi. Hakina historia ya pete. Inaniuma.

#17 Bi Mashoto

😂😂 Karibu nyumbani kaka.

#18 Jongoo

Asante mkuu, shangazi nimempigia tena. Sasa ngojeni. Kwenye kopo hilohilo, chini ya vifungo na funguo, kuna kingine kikubwa zaidi. Kimefungwa na hakifunguki kabisa. Kikiwa kimefungwa kina sentimita 11. Kina pete moja tu na nimeitazama kwa tochi, sioni mchubuko wa kuzunguka. Kwenye mgongo wa bapa kuna kutu nyekundu. Nichukue msasa?

#19 Mpini Mkavu

WEKA MSASA CHINI.

Sentimita 11 kikiwa kimefungwa ni Namba 8.

#20 Mzee Tupa

Jongoo, nisikilize mimi, huyo mwenzako atazimia. Usigonge mezani. Mbao imekauka miaka mingi, inaweza kupasuka kwenye mfereji. Kiache kwanza mahali pakavu siku tatu nne, si juani, ili kama kuna unyevu mbao irudi. Halafu tone moja la mafuta mepesi kwenye ribiti, kila upande, uache usiku. Asubuhi funga bapa kwa kitambaa kinene au kipande cha ngozi, ushike mgongo wake, uvute polepole ukichezesha kama unavyotoa jino la mtoto. Likigoma, rudia mafuta. Usitumie koleo tupu, litaacha meno kwenye chuma. Kutu utaitoa baadaye kwa mafuta na kipande cha shaba, kama sarafu ya zamani. Shaba ni laini kuliko chuma, inakwangua kutu bila kuchora bapa.

Na pale penye mhuri, usiguse hata kwa sarafu. Mafuta na kitambaa, basi.

#21 Jongoo

Sawa mzee. Nitarudi.

#22 Kinoo

Tukiwa tunasubiri: ni kweli Opinel iliwekwa makumbusho ya London? Nilisikia nikadhani ni mbwembwe.

#23 Mpini Mkavu

Ni kweli. Mwaka 1985 Victoria and Albert Museum ya London ilikiweka miongoni mwa vitu 100 vyenye usanifu bora duniani. Kisu cha mchunga ng'ombe. Wala wenye kiwanda hawakukibadilisha kwa heshima hiyo, kesho yake waliendelea kuchonga mpini uleule.

#24 Bi Mashoto

Siku ya tano leo. Jongoo yu wapi?

#25 Jongoo

Nipo. Kimefunguka asubuhi hii, usiku wa tatu wa mafuta. Hakikutoa sauti yoyote, kililegea tu kama mtu aliyechoka kubisha.

Bapa ni sentimita 8.2, si 8.5, na ni jembamba kuelekea ncha. Nilitaka kuuliza kama nimepima vibaya, halafu nikaelewa: alikuwa anakinoa. Mkono wenye taji upo. Hafifu, lakini vidole vitatu nimevihesabu.

#26 Mpini Mkavu

Mkono upo, kwa hiyo ni baada ya 1909. Pete ya nje haipo na haikuwahi kuwapo, kwa hiyo ni kabla ya 1955. Jongoo, safari hii mpigie shangazi.

#27 Jongoo

Nimempigia. Kuna kitu kingine. Kwenye mfereji wa mpini kulikuwa na uchafu umeshindiliwa chini kabisa, nikautoa kwa kijiti cha meno. Nilidhani ni tumbaku. Ni maganda ya penseli, membamba sana, ubavu mmoja una rangi nyekundu. Babu alikuwa seremala, penseli zake zilikuwa zile bapa, na hakuwahi kuwa na kichongeo. Nimeyaweka kwenye karatasi.

Mzee Tupa, nikinoe?

#28 Mzee Tupa

Bado. Jaribu kuchonga penseli kwanza, uone amekuachia makali ya aina gani.